Nasra Akae kwa Nani?

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Lushoto, pale makabeji yanapopakiwa, na kahawa ya Mama Glory haiwahi kupoa maana maneno yenyewe hayapoi. Asubuhi hiyo Hashimu alikuwa amepania. Mtalaka wake kaolewa Mazinde, na yeye sasa anakwenda mahakamani kumdai binti yao, Nasra, wa miaka sita. Kijiwe kizima kikamtia moto.

— Mama akiolewa tena, mtoto anarudi kwa baba. Sheria hiyo! alisema Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, kutoa ushahidi wa mbuzi.

— Na wewe ushamwoa Aisha, nyumba ina mama, akadakia Dokta, muuza dawa za kuku. Tena joto la Mazinde baya. Mtoto wa mlimani akikaa kule, ukoo unayeyuka.

— Unayeyuka?

— Kabisa! Anasahau hata jina la babu.

— Akilia je, nikimtoa kwa mama yake? aliuliza Hashimu.

— Mwache alie, akajibu Dokta. Mchelea mwana kulia, hulia yeye!

— Na yule mume, Wakili akapandisha sauti, ataanza kumbadili mtoto ubini, atamalizia na sura. Mtoto hufanana na anayemnunulia viatu!

Hapo akatokea kijana mmoja, kavaa sweta la kuazima.

— Shikamooni wazee. Namtafuta kaka Hashimu. Mimi Amiri, wa Mazinde.

Yule mume mwenyewe! Wakili akazama kwenye kikombe chake.

— Marahaba. Ndiye mimi, alisema Hashimu, kavimba.

— Nasra na mama yake wako stendi, wamekuja kumsalimia bibi. Nimetangulia nikuulize, kaka, maana nimeshindwa. Kinyonga alifika harusini?

— Kinyonga gani?

— Wa hadithi yako. Nasra anasema ulimwacha njiani, anakwenda harusini Bumbuli. Kila jioni ananiuliza. Nikampandisha kinyonga bodaboda, Nasra akakataa. Nikampakia kwenye lori, akakataa. Anasema mwisho anaujua baba peke yake.

Kijiwe kizima kikamgeukia Hashimu.

— Ndugu yangu, hata mimi sijui, alisema Hashimu. Nilikuwa natunga tu.

— Basi njoo utunge. Anakusubiri.

Hashimu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa.

— Ahsante, Amiri. Nilidhani umekalia nafasi yangu. Kumbe umenitunzia.

— Na mahakama? aliuliza Wakili kwa sauti ndogo.

— Nikashtaki nini? Kwamba mwanangu anapendwa?

Wakaondoka pamoja kuelekea stendi, Hashimu akimuuliza Amiri kama yule kinyonga alimwacha kwenye mvua au kwenye jua.