Mpiga Tarumbeta Hakuteleza

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi pia mliosimama kule nyuma na sare zenu na vyombo vyenu vya muziki, familia inaomba utulivu, kwa kuwa yanayosomwa hapa ni maisha ya mtoto wetu, mume wa Mama Pacha, koplo wa bendi ya polisi ambaye wengi wenu mlimwita Tarumbeta, na yanasomwa kama familia ilivyoyaandika, si kama yalivyoletwa nyumbani juzi na gari la kambi, yakiwa yameshachapwa, na kifo chake kimepewa sentensi moja tu, kwamba aliteleza kwenye ngazi za stoo ya vyombo. Mjane aliisoma sentensi hiyo akiwa amesimama mlangoni, akamrudishia dereva karatasi yake, akamwambia, "Kaka, stoo ile nimeifagia mimi kwa mikono yangu, haina hata ngazi moja," na dereva akatazama viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, siku ya Jumatatu, si Jumanne kama shangazi anavyosisitiza mpaka leo, katika hospitali iliyo nyuma ya stesheni ya reli, ambako mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka, na inasemekana alilia kwa sauti kubwa kiasi kwamba mkunga alimwambia mama, "Huyu mapafu kajaliwa, sijui akili," maneno ambayo marehemu mwenyewe aliyapenda na kuyarudia katika kila sherehe ya familia, tukitaka tusitake. Baba yake, fundi bomba, alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na mama hakuolewa tena.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1990 katika shule iliyo mkabala na kiwanda cha sabuni, na hapo ndipo alipokutana na tarumbeta, moja tu, kuukuu, lenye kitufe kilichokwama, alilolitengeneza kwa kipande cha raba ya kandambili, akawa anapuliza kila asubuhi wakati wa gwaride mpaka mwalimu mkuu akamwomba kwa heshima zote apunguze. Aliendelea na sekondari, akamaliza mwaka 2001, alama zake za hesabu familia imeamua kutozisoma.

Tarehe 5 Julai 2004 alijiunga na polisi, na waliomsaili walipomuuliza kwa nini anataka kazi hiyo aliwajibu kwamba hakuja kukamata mtu, amekuja kupuliza, wakacheka, wakampa nafasi, na baada ya mafunzo alipangiwa bendi, chini ya kiongozi yuleyule aliyekuwa naye hadi mwisho. Kiongozi huyo ana desturi ambayo kila aliyewahi kupita nje ya ukuta wa kambi siku ya Jumamosi anaijua, kwamba hakuna wimbo unaoanza kabla hajagonga fimbo yake mara tatu, mbili za haraka na moja ya kuchelewa, iwe kwenye meza, iwe kwenye kabati, iwe kwenye ubao wa gari, na wanabendi wake wameizoea kiasi kwamba wake zao huwatania kuwa hata kijiko cha uji hawainui bila kugongewa.

Siku hizo Jumamosi ilikuwa siku ya mtaa mzima. Mafundi cherehani wa upande wa pili walifungua madirisha, na fundi viatu aliyekaa langoni mwa kambi, ambaye ndiye aliyetia soli buti za bendi yote, aligonga nyundo yake kufuata muziki, na marehemu akikosea kidogo tu mzee huyo alipaza sauti, "Afande, hiyo umeipuliza au imekuponyoka?" na mtaa ukacheka, na marehemu akacheka zaidi yao.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010 na binti wa duka la vitambaa, ambaye leo ni mjane wake, na msimamizi wake siku hiyo alikuwa mpiga ngoma kubwa, rafiki yake wa tangu mafunzoni, mnayemwita Pipa, aliyesimama mbele ya ukumbi, akawaombea heri, akasema, "Shemeji, huyu akikusumbua niite mimi." Mungu aliwajalia watoto watatu, pacha wa kike waliozaliwa tarehe 2 Mei 2013, na mvulana aliyezaliwa mwaka 2018, ambaye amekaa hapa mbele na ambaye ameelezwa ukweli wote, kwa sababu mama yake hataki aanze kwa kusikia uongo.

Sasa familia inafika mahali ambapo ile karatasi ya gari la kambi iliruka. Siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, ulitolewa uamuzi wa kuwaondoa wachuuzi wote kando ya barabara, na kwa kuwa askari hawakutosha, bendi ilipewa kofia ngumu, ngao na virungu, watu ambao kwa miaka walibeba shaba na ngozi za ngoma tu, na kiongozi wao akawaambia garini, "Leo tunapiga bila noti," na wengine wakacheka kwa woga. Familia haitamsafisha mtu wake hapa. Naye alipiga. Alimpiga begani muuza ndoo aliyeinama kuokota kifuniko, bila sababu yoyote isipokuwa kwamba wa kulia kwake alikuwa anapiga na wa kushoto kwake alikuwa anapiga, na aliponyanyua kirungu mara ya pili akageuka, akamwona fundi viatu.

Mzee yule hakukimbia kwa sababu hakudhani anahusika. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake langoni, na buti la askari mapajani, akawaambia, "Jamani, mimi si wa barabarani, mimi ni wenu," na aliokuwa anawaambia ni kiongozi wa bendi na Pipa, na wote wawili walikuwa wamevaa soli alizotia yeye. Alifariki jioni hiyo. Kituo cha polisi kikatangaza kwamba aliteleza katika msongamano, na watu wa mtaa wakabaki kujiuliza sakafu ya kituo hicho imepakwa nini, maana kila anayekutana nacho huteleza.

Madirisha ya mafundi cherehani yalifungwa Jumamosi iliyofuata, na muziki ukapigwa kwenye ukuta mtupu. Muuza nyanya alimwambia Mama Pacha, "Kwa mke wa polisi zimeisha," huku fungu zima likiwa mbele yake, na pacha walirudi kutoka shule na sare zimechanika, kwa sababu darasani waliambiwa baba yao ni muuaji. Ndani ya kambi nako hakukuwa salama. Wapo walioanza kulewa mchana, yupo mpiga klarineti kijana aliyeacha kazi bila kuchukua hata mshahara wake wa mwezi, na marehemu mwenyewe alikuwa akiweka tarumbeta mdomoni na midomo inakataa, inakuwa kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, akawa anakaa ukingoni mwa kitanda na kumwambia mkewe, "Nasikia tu ile nyundo, mama."

Alimtafuta muuza ndoo hadi nyumbani kwake, akamwomba radhi mbele ya watoto wake, na mtu yule, ambaye yupo hapa leo na mkono wake bado haunyanyuki vizuri, alimjibu hivi, "Samahani yako nimeisikia, afande, lakini aliyekufa si mimi, kaiseme kule inakotakiwa." Marehemu alikwenda. Mahakama ilikuwa imeanza kuchunguza kifo cha fundi viatu, akajiandikisha kuwa shahidi, na siku yake ya kusema ikapangwa kuwa Jumatatu, tarehe 27 Mei 2024.

Habari zilifika kambini kabla yeye hajafika nyumbani. Pipa alikuja, akala chakula cha mchana, akawashika pacha vichwa, na alipokuwa anatoka akamwambia Mama Pacha kwa upole kabisa, "Shem, mwambie bwana wako mdomo ule ndio unaowalisha, asiuchezee," na Mama Pacha alipomweleza mumewe, mumewe alisema, "Pipa? Pipa hawezi," na hilo, mpendwa Pipa, ndilo kosa kubwa alilolifanya maishani mwake, kubwa kuliko lile la Februari, na hakuna mahakama itakayomsaidia mama yake kulisahau.

Marehemu hakuugua. Familia inalisema hili kwa kuwa ni kawaida katika historia za namna hii kuwa na sehemu ya ugonjwa. Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Mei, baada ya mazoezi ya alasiri, aliingia stoo kurudisha tarumbeta, akatupiwa blanketi kichwani kutoka nyuma, na waliomshika walikuwa wamekubaliana wasiseme neno ili asimjue mtu. Walikuwa wamepanga vizuri, na haya tunayajua kwa mmoja wa waliokuwa mle ndani, ambaye maelezo yake yako kwa hakimu. Wakasimama wamemzunguka, kimya, na hakuna aliyeanza, kwa sababu watu hao hawajui kuanza kitu chochote pamoja bila kuanzishiwa, na ndipo fimbo ikagonga bati la kabati, mbili za haraka na moja ya kuchelewa. Hapo ndipo marehemu alipojua yuko na nani, blanketi au bila blanketi. Na kazi ilipokwisha kuanza mmoja alisahau makubaliano, akasema, "Mdomo, jamani, mdomo kwanza," na sauti hiyo marehemu alikuwa ameisikia ikimwombea heri siku ya harusi yake.

Walivunja taya, meno ya mbele ya juu na ya chini, na vidole vya mkono wa kulia, ule wa kubonyezea vitufe, kazi ya watu wanaojua mpiga tarumbeta anatumia nini. Wakamlaza nje ya stoo, wakaita gari la wagonjwa, wakasema ameteleza.

Hakuweza kusema wala kuandika. Siku ya tatu hospitalini, mbele ya daktari wa zamu na muuguzi, mkewe alimwuliza ni nani, naye kwa mkono wa kushoto akachukua kijiko na kugonga chuma cha kitanda, mbili za haraka na moja ya kuchelewa, na Mama Pacha, aliyeisikia sauti hiyo kila Jumamosi tangu awe mchumba, akasema, "Kiongozi?" naye mumewe akafumba macho kukubali. Akamwuliza, "Na nani mwingine?" naye akajipiga tumboni polepole, kwa kiganja, kama mtu anayepiga ngoma kubwa, na mkewe akatoka nje ya chumba, kwa sababu hakutaka mumewe amwone uso wake. Daktari aliandika alichokiona. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, alfajiri, mama yake akiwa amemshika mguu.

Familia inatoa shukrani kwa daktari huyo wa zamu, aliyeambiwa na wakubwa zake abadilishe maelezo, akauliza abadilishe lipi, na kwa muuguzi aliyekubali kuwa shahidi wa pili ingawa ana watoto wadogo. Tunawashukuru majirani, hasa mafundi cherehani walioshona sare nyeusi za watoto usiku kucha, na mjane wa fundi viatu, aliyekuja siku ya kwanza ya msiba, akakaa kando ya Mama Pacha, na hajaondoka. Miongoni mwa wafanyakazi wenzake tunamshukuru mpiga klarineti, aliyerudi kutoka mbali kusema aliyoyaona langoni, na tunamtaarifu mkuu wa kambi kwamba kijana huyo halali mahali anapopafikiria.

Tunawashukuru pia kiongozi wa bendi na Pipa kwa kuhudhuria, kwani tulihofia msije. Viti vyenu viko huku mbele, vile viwili vyenye kitambaa cheupe, mkabala na mama mzazi, tafadhali msogee ili awaone vizuri, maana amesema hataki pole yenu wala machozi yenu wala salamu ya bunduki juu ya kaburi, anataka kuishi vya kutosha awaone mnazeekea ndani, na afya yake, Mungu ashukuriwe, ni nzuri sana.

Mwisho, kuna jambo ambalo wengi wenu hamkuarifiwa, na familia inaomba radhi kwa waliosafiri. Mkuu wa kambi aliharakisha mazishi haya, akalipia jeneza na gari, na saa nane hii udongo ulitakiwa uwe umeshafunika taya lile na vidole vile pamoja na sentensi yake ya ngazi. Jana mchana hakimu alitoa amri kwamba mwili usizikwe mpaka uchunguzwe na daktari asiye wa polisi, na daktari huyo anafika kesho. Kwa hiyo leo hatuziki. Tukimaliza hapa, jeneza linarudi mochwari, binamu zake watalilinda kwa zamu mlangoni, na kaburi litabaki wazi. Tarehe 27 marehemu atatoa ushahidi wake kama alivyoahidi, kwa mwili wake.

Mwanetu, mume, baba, kaka, wanaokupenda walitaka leo tukuage kwa maneno ambayo kila mtu husemewa, lakini mkeo amekataa yasomwe, na sote tumekubaliana naye. Pumziko lako lipo, tumekuwekea, hatulitoi leo. Kaa nasi macho kidogo, mpaka wale wawili wafungiwe mlango, kisha tutakuja wote, tukulaze.