Mzee wa Vipande na Kompyuta Isiyozimwa

Ndugu, majirani na wenzetu mliojaa mpaka nje, mimi ndiye dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa karatasi hii kwa kuwa nina sauti, na nitaisoma simu ikiwa mkononi, msinione sina adabu, ipo habari tunayoisubiri na mtaielewa nikifika huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1981, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne, na tangu utotoni hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha, redio ya baba aliifungua, saa ya mama akaifungua, viboko akala, redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo, saa ndiyo haijapona hadi leo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na nyumbani kuanzia 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi 1998, na baada ya kukaa nyumbani kwa kukosa karo akaingia chuo cha ufundi, alikohitimu stashahada ya kompyuta mwaka 2004.

Alianza kazi Januari 2005 katika duka la uchapishaji, akipanga kadi za harusi, na mwaka 2009 akaajiriwa na ofisi ya kutengeneza tovuti, ghorofa ya pili juu ya duka la mikate, huko ndiko alikopewa jina la Mzee wa Vipande, kwa sababu kila alipotatua jambo aliandika kipande kifupi cha msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, akakiweka kwenye tovuti yake pamoja na maelezo, bure, ili fundi mwingine asihangaike kwa jambo lile lile. Alieleza namna ya kuizuia fomu isifute yote uliyojaza eti kwa sababu umekosea tarakimu moja, namna ya kupunguza uzito wa picha kabla ya kuipandisha, maana mwenye kifurushi kidogo naye ni mtu, alisema, na chini ya kila kipande aliweka onyo moja, soma kwanza, nakili, kaweke kwako, usije kuning'inia kwangu.

Tarehe 12 Desemba 2010 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo, wifi yangu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, waliojua kusema baba yuko kwenye mashine kabla hawajajua kuhesabu.

Mwezi Mei 2023 figo zilianza kumsumbua, na wakati huo huo akagundua kwamba onyo lake watu walilipita kama tangazo la ukutani. Wengi hawakunakili, waliziamuru tovuti zao zije kuchukua kipande kutoka kwenye kompyuta iliyomo chumbani kwake, ndiyo iliyobeba tovuti yake, kila zinapofunguliwa, kwa hiyo kompyuta ile ikizimika na vitufe vyao vinakufa, jamani, hata hodi hawakupiga! Aliwapigia simu mmoja mmoja, akawabembeleza, wakarekebisha, ikabaki kliniki moja ya akina mama wajawazito, ambayo kitufe chake cha kuitia ambulensi kilitegemea kipande chake, na fundi aliyeijengea tovuti alikuwa ameondoka na nywila zote, hapakuwa na wa kubadili hata mstari mmoja, mpaka kliniki yenyewe iwaruhusu mafundi waingie kwenye mashine yake, akawaandikia kuomba ruhusa hiyo.

Tarehe 9 Septemba madaktari walimtaka alazwe siku hiyo hiyo, akakataa, akisema umeme ukikatika nani ataiwasha mashine, nikamfokea kwamba ana watoto wawili, akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi, kwamba mama mwenye uchungu hajui habari za figo zake, yeye anabonyeza tu. Alikubali kwenda tarehe 13, baada ya jirani yake, fundi umeme, kuapa mbele yangu kwamba ataikalia mashine ile, na alifariki tarehe 2 Oktoba asubuhi, akiwa amemuuliza mkewe kama kliniki imejibu, nayo ilikuwa haijajibu, na hasira yangu juu ya siku zile nne siwezi kuificha.

Sasa mkiona jirani huyo hayupo hapa msimseme, yuko chumbani kwa marehemu, umeme wa mtaa umekatika tangu alfajiri, mashine inakula betri na betri inakwisha, na wenzake wa ofisini nao wako kliniki, ambako mkuu wa pale amewafungulia mlango leo baada ya kusikia msiba, wanasema kawia ufike, lakini mwenye kungoja hakuweza kungoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, nawashukuru majirani kwa maji, viti na mikono yao, nawashukuru wafanyakazi wenzake, waliopo na wasiokuwepo, na ninyi mafundi mliojifunza kwake bila kumwona uso, nawaomba leo mkirudi mtazame kazi zenu, msimwachie mtu mmoja mzigo asioujua.

Samahani, nasimama hapo, simu imeingia ujumbe, wifi nishike mkono, nausoma ulivyo: "Dada, tumeingia, kipande kiko kwao, jirani amezima mashine, tumebonyeza, ambulensi imeitika."

Umesikia, mdogo wangu? Imezimwa, na kitufe kinaitika bila wewe, kama ulivyotaka, sisi ndio hatujui tutaishije bila wewe, lakini hilo si la kukuamsha tena, hakuna anayekuita. Pumzika kwa amani.