Marafiki wa Papa Sephora

Hapo Carama, kwenye kona ambako Uthmani huuza kahawa, kuna benchi moja la mbao linalobeba watu watatu na hekima ya mtaa mzima. Jumamosi hiyo hekima ilikuwa ya kumwagika. Birindwa, mchora vibao ambaye wote walimwita Papa Sephora kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa amezikwa wiki iliyopita; moyo ulimsimama mchana kweupe, brashi mkononi. Kesho ilikuwa levée, siku ya kuondoa matanga, na familia ilimwomba Ildephonse azungumze kwa niaba ya marafiki. Ildephonse, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hapo kijiweni jina lake ni Procès-Verbal, yaani kumbukumbu za kesi, alikubali upesi kama mtu yeyote apendaye kipaza sauti. Sasa alikuwa akitafuta la kusema. Bahati nzuri wenzake walikuwepo kumsaidia.

— Sema alikuwa mutu mupole, alianza Fortunat, aitwaye Sénateur tangu alipogombea ukubwa wa mtaa akapata kura moja tu, ya mke wake, kura ambayo mke mwenyewe huikana. Mupole mpaka inatia mashaka.

— Mashaka gani?

— We ulishaona wapi mwanaume anasuka binti zake nywele mbele ya nyumba, batu bote banaona? Iko dawa ya mapenzi pale. Inzaratsi! Bibi yake alimutilia ndani ya mboga ya sombe.

— Apana, alisema Méthode. Yeye huuza mizizi kwenye chupa na huitwa Docteur, ingawa kuku wake wote walimfia mikononi. Ile dawa mi naijua. Mutu akiikula, ananenepa. Papa Sephora alikonda. Ile ilikuwa rangi. Inaingia mu pua, inapanda ku kichwa, inakula hasira yote.

— Sasa mbona mafundi rangi ba Gasenyi banapigana kila siku?

— Bale banapaka nyumba. Yeye alichora simba. Iko tofauti.

— Simba wake alifanana na mbuzi, alisema Uthmani, akimimina kahawa.

— Uthmani! Usimuseme maiti! alifoka Sénateur. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo sababu alikuwa baba muzuri.

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo wote walikubali.

— Mi nitabaambia siri, Sénateur aliendelea, sauti chini. Ule alikuwa colonel wa jeshi. Kule Congo. Mutu hawezi kuwa mupole bure. Kufunga mutoto mugongoni, kwenda naye sokoni, ile ilikuwa camouflage, ya kujificha.

— Colonel mu sapate zilizokatika?

— Colonel wa kweli hajionyeshi! Aliniambia mi peke yangu. Mi ndiye nilikuwa rafiki yake.

— We? Docteur alicheka. We ulikuwa unamucheka, unamuita yeye “Mama Sephora” mpaka siku aliyokufa!

— Ile ilikuwa heshima.

Ildephonse aliipanga hotuba kichwani: marehemu alilishwa dawa, akavuta rangi, akatoroka jeshi. Familia ingefarijika kweli.

Ndipo akatokea Sephora mwenyewe, anayesoma chuo kikuu kule Mutanga, kitambaa cheupe kichwani. Wazee watatu wakavaa nyuso za msibani haraka haraka.

— Mwiriwe, ba papa.

— Karibu, mwana wetu. Tuko tunamukumbuka baba yako.

— Nimebaletea kitu.

Akatoa mfukoni vikaragosi vitatu vilivyochongwa kwa sapate kuukuu, zile kandambili za mpira, na kupakwa rangi. Kimoja kilivaa tai kubwa, kimoja kilishika chupa, kimoja kilinyoosha kidole juu.

— Ni nyinyi batatu. Papa alitutengenezea tukiwa badogo. Kila jioni akitoka hapa, anatuchezea. Kulikuwa na kiboko kule ziwani anaumwa jino, anakula nyavu za batu. Docteur akamutoa jino bila kumuumiza. Procès-Verbal akamutetea mahakamani. Na Sénateur akahutubia mpaka juge wa kesi akalala usingizi, kiboko akaenda kwake. Tulikuwa tunacheka mpaka Mama anaunguza chakula. Tulibapenda sana, ba papa. Mudogo wetu, mutu akiugua, analia aitwe Docteur wa kiboko.

Docteur alikipokea kikaragosi chake kwa mikono miwili. Sénateur alitafuta methali, akaikosa.

— Lakini yeye mwenyewe hakuwa ndani ya hadithi, Sephora alisema. Tukimuuliza, anasema alikuwa anasikia tu. Mama anataka kujua. Hapa na nyinyi, Papa alikuwa anasema nini?

Sénateur alimgusa Docteur kwa kiwiko. Docteur alimgusa Procès-Verbal.

Ildephonse alirudi nyuma kimawazo, miaka yote ile. Alimwona Birindwa amekalia kopo la rangi kando ya benchi, vidole vina madoa ya bluu, anacheka kichwa kimeinama. Alimwona akifungua mdomo. Kila mara, sauti iliyofuata ilikuwa yake yeye, Ildephonse.

— Alikuwa... alianza.

Binti alisubiri, kwa upole uleule wa baba yake.

Ildephonse alisogea pembeni.

— Kaa hapa, mwanangu. Kesho mi sitasema. Utasema we. Tuanzie sasa.

Sephora aliketi. Alivuta pumzi, akaanza na zile nywele, namna baba yake alivyoimba akizisuka ili wasisikie maumivu. Sénateur alifungua mdomo aongeze neno. Docteur akamkanyaga mguu.