Upande wa Kushoto wa Mzee Gad Semahoro

Wapendwa wa kanisa, majirani wa Misiera, na ninyi mliotoka Rwekubo na Mbarara asubuhi hii: mmeona kuna fasi imeachwa wazi upande wa kushoto wa jeneza. Vijana waliopanga viti hawakukosea. Wameiacha kwa mazoea, kama tulivyoiacha sisi wote wa nyumba yake miaka yote ya ukimbizi hapa Nakivale. Marehemu mwenyewe aliomba mambo haya yasomwe leo, na aliomba niyasome mimi, Umuhire, mtoto wa mdogo wake Ngabo, niliyelelewa naye kama binti yake wa kuzaa.

Marehemu Mzee Gad Semahoro alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa Mzee Rwakabuba, mfugaji. Alisoma shule ya misheni mpaka mwaka wa nne, kisha ng'ombe wakamhitaji nyumbani. Aliisoma Biblia yake vizuri. Hesabu ya kutoa ilimshinda, na alisema hajutii, kwa sababu mfugaji anapenda kujumlisha tu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda ng'ombe, na hapo lazima nitaje bunduki. Baba yake aliibadilisha kwa mtamba mmoja na askari mzee aliyerudi kijijini. Ilikuwa bunduki ya jeshi ya zamani, ya kupiga risasi moja moja, kitako chake kimevunjika na kufungwa kwa bati. Mafuta yake hayakupatikana. Waliisafisha kwa samli na majivu, wakisukuma fimbo ya chuma kupitia mdomo wa mtutu, na ile fimbo iliegemea upande uleule kila mara, mpaka ikaula mdomo kama kamba ya ndama inavyoula mti wake. Marehemu alitueleza kwamba ndani ya mtutu mzima kuna mistari ya kuzunguka, na ndiyo inayoizungusha risasi iende bila kuyumba. Ndani ya ule wao mistari ilikuwa imekwisha. Palikuwa laini kama koo. Risasi ilitoka ikiyumba, ikavuma kama lile dudu jeusi linalotoboa mbao, ikafika imelala ubavu, na tundu lake lilikuwa refu, si la duara. Tena haikufika ulikolenga. Ilikwenda kuume, na kadiri kitu kilivyokuwa mbali ndivyo ilivyozidi kwenda kuume.

Baba yangu Ngabo alikuwa na jicho zuri kuliko kaka yake, kwa hiyo alikosa daima. Siku moja alilenga kibuyu kibovu kilichowekwa juu ya jiwe, akatoboa ndoo ya bibi yangu iliyokuwa imeanikwa pembeni. Bibi akatoka mbio. "Ngabo! Ile ndoo ilikufanya nini?" Marehemu alikuwa amelala chini kwa kicheko. "Mudogo wangu, unalenga kama mutu mwema. Hii bunduki si mutu mwema. Lenga kushoto, yenyewe itaenda kuume."

Mwezi wa tisa wa mwaka 1996 watu wenye silaha walipita wakaichukua. Mmoja wao aliuliza, "Inapiga muzuri?" Marehemu akamjibu kama mkubwa wake, "Muzuri sana, chef." Walipokwisha kwenda, ndugu wawili walicheka mpaka wakashikana. "Bamebeba hasara yao," Ngabo akasema.

Tarehe 21 Oktoba 1996, familia ikiwa inakimbia, Ngabo alipigwa risasi kutoka ng'ambo ya bonde, akafa papo hapo, kushoto kwa kaka yake. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nimebebwa mgongoni mwa marehemu. Sikumbuki uso wa baba yangu. Nakumbuka mvumo. Mama yangu Constance alikufa kwa homa mwaka uliofuata, tukiwa Burundi, na mwisho wa mwaka huohuo wa 1997 marehemu alifika nami Nakivale. Alipewa kiwanja karibu na Misiera, akalima mahindi na maharage, akapata ng'ombe wawili, akauza maziwa Rwekubo.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Mama Orpa Mukamazimpaka. Mchungaji Grégoire alimpanga bibi arusi kushoto, kama desturi. Bwana arusi akamshika mkono, akamzungusha kuume. "Mwanangu, Mungu ameweka ubavu fasi yake," mchungaji akanong'ona. "Mchungaji, pale pana mutu," marehemu akajibu, na watu wa viti vya mbele wakacheka, wakidhani ni mzaha wa siku ya furaha. Mpiga picha alitoka Mbarara na hakumjua mtu. Baada ya kupiga picha ya familia aliinua kichwa akauliza, "Yule mwingine wa upande wa ukuta ameenda wapi? Sijamaliza." Ile picha iko nyumbani. Kati ya marehemu na ukuta kuna nafasi ya mtu mmoja, na nyasi zake zimelala.

Tulikua hivyo. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, ukuta ukiwa kushoto kwake. Mtoto akikimbilia upande ule aliitwa, "Kuya huku, kuya huku kuume," kwa sauti ambayo hukuuliza sababu. Ng'ombe wenyewe walipompita kushoto walizunguka kwa mbali, kama wanavyompisha mtu. Na lile dudu jeusi la mbao likivuma karibu na paa, mkono wake wa kushoto uliinuka peke yake, ukasukuma hewa kwenda chini. Mama Orpa aliushika na kuurudisha mapajani, kama anayeurudisha mto kitandani.

Mwaka 2004 ndugu Munyakazi wa kanisa letu alimpatia kazi ya ulinzi Mbarara, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mkubwa wa walinzi alimpa bunduki kuukuu. Marehemu alichukua risasi, akaingiza ncha yake kwenye mdomo wa mtutu. Kwa bunduki nzima inagoma mapema. Ile ilizama mpaka ganda likagusa chuma. Akairudisha.

"Mzee, hii ni ya kutisha tu," mkubwa akasema. "Wewe unafikiri mwizi ataangalia ndani?"

"Mwizi sina shida naye. Naogopea ule mwenye atasimama pembeni yake."

"Haya, chukua rungu. Rungu inapiga mahali unaangalia!" Walicheka wote wawili. Alilinda lile duka kwa rungu mpaka 2011, na mwenye duka yupo hapa leo.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alianza kuumwa ini. Alilazwa hospitali Mbarara mara mbili. Mara ya mwisho nilikuwa naye mimi, nikinyonyesha mtoto wangu kuume kwa kitanda, fasi yangu ya siku zote. Aliangalia kushoto, kisha akasema kuna neno amelibeba toka mlimani, na alikuwa anaogopa jibu langu.

Akasema: "Siku ile, baba yako hakuwa kushoto. Alikuwa kuume kwangu." Yule mtu wa ng'ambo alipopiga goti, jua liling'aa kwenye bati la kitako, na ndugu wote wawili wakaitambua. "Yaya, ni ile yetu," Ngabo akamwambia kaka yake, karibu acheke. Mtutu ulikuwa unamtazama marehemu kifuani. Naye alijua, kuliko mtu yeyote duniani, kwamba haitampata yeye, itakwenda kuume. Akapiga kelele, "Ngabo, kuya kushoto!" Na Ngabo, kwa kuwa aliijua bunduki na alimwamini kaka yake, akaruka kushoto.

"Umuhire, maisha yangu yote niliisimamia nyuma. Sikuwa nimeisimamia mbele hata siku moja. Kuume kwa mwenye kuishika ni kushoto kwa mwenye kutazamwa. Nilijua ile wakati mvumo ulipita sikio langu." Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, akasema. Ungeweza kumsukuma chini. "Neno lilikuwa moja tu, *lala*. Mimi nikamwita fasi ya risasi. Na aliitika. Hajatoka pale."

Kisha akaniuliza, "Sasa unajua. Utakaa wapi?"

Mtoto alikuwa ameacha ziwa, anaangalia ule upande mwingine wa kitanda na kuchekea kitu, kama anavyomchekea mtu anayemjua. Blanketi pale lilikuwa limebonyea. Nilisimama, nikazunguka kitanda, nikakaa kushoto. Palikuwa na baridi kidogo, halafu hapakuwa. Marehemu alifunga macho, akalia.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015. Mchana dudu moja liliingia dirishani likavuma. Mkono wake wa kushoto uliinuka kama kawaida, na safari hii ulinikuta mimi. Ulinishika bega, ukanisukuma chini kwa nguvu ambayo mgonjwa yule hakuwa nayo. "Lala," akasema. Nililaza kichwa kitandani, mimi na mtoto. Dudu likapita juu yetu, likatoka. Mkono ukabaki mgongoni mwangu.

"Imepita," akasema. Hakusema tena.

Marehemu ameacha mjane, Mama Orpa Mukamazimpaka; watoto Emery, Adolphe na mimi Umuhire; mjukuu mmoja; na dada yake Mukandoli aliyeko Bujumbura. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji wetu, na majirani waliochimba kaburi kwenye udongo mkavu.

Baba mkubwa, uliniuliza nitakaa wapi, nikakujibu kwa miguu. Leo nakujibu mbele ya watu: mtoto wa Ngabo yuko kushoto kwako, na hana neno na wewe. Wanaokuja kuaga wapite pande zote mbili. Pumzika kwa amani, Gad Semahoro, wewe na huyo uliyemwita.