Sauti ya "Koti la Jumatatu"

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni, Mheshimiwa Jaji Mstaafu, Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Filamu za Kuhifadhiwa, Ndugu Mkurugenzi wa Hifadhi, wajumbe wa Kamati, familia ya marehemu mtengenezaji wa filamu tutakayoitazama mchana huu, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mtu wa viti kwamba watakuja watu sitini tu: nawasalimu wote, na waliosimama nawaomba radhi.

Ratiba mliyo nayo mkononi inasema, "Neno fupi kutoka kwa Fundi Mkuu wa Mikanda, dakika tano." Mkurugenzi ananifahamu mwaka wa ishirini na sita sasa, na bado ameandika dakika tano. Nitajitahidi, ila naomba msitazame saa.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kutibu filamu. Naosha, naunga palipokatika, nanyoosha palipojikunja, na zaidi ya yote nanusa. Filamu ya zamani ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na mimi nikifungua kopo naweza kukuambia kama mgonjwa amebakiza miaka mitano au miezi mitano. Ndiyo maana nyumbani kwangu chupa ya siki haiingii jikoni. Mume wangu alishajaribu mara moja, akaishia kuilia kibarazani.

Sasa, kila mwaka Kamati huchagua filamu kumi zenye maana kwa taifa letu, zikanakiliwa na kuwekwa kwenye chumba baridi ambapo hazitaoza. Mtu atauliza, kwa nini kumi, kwa nini si zote? Ni kwa sababu chumba ni kimoja, mashine ya kunakili ni moja, na fundi mwenyewe ndiye huyu mnayemwona. Filamu isiyochaguliwa hurudi rafu ya chini, na huko rafu ya chini, ndugu zangu, hakuna aliyewahi kupona.

Na wanachaguaje? Wajumbe saba hukaa kwenye chumba kidogo cha maonyesho, wakatazama mwanzo hadi mwisho. Hakuna kuongea, hakuna kutoka, hakuna kuchungulia simu. Jaji alikuja na kanuni zake za mahakamani na hakuacha hata moja mlangoni. Siku moja mjumbe alipiga chafya, akajikuta anaomba msamaha kwa maandishi. Mimi hukaa mstari wa nyuma, kazi yangu ni kuendesha projekta na kunyamaza, na nyote mnaweza kukisia ni ipi kati ya hizo mbili inayonipa shida.

Mwaka huu filamu ya mwisho kwenye orodha ilikuwa "Koti la Jumatatu". Makopo manne, dakika themanini na mbili, nakala pekee iliyobaki duniani. Nilipofungua kopo la tatu nilirudi nyuma hatua mbili. Nikajua hii haina mwaka mwingine: ikikosa nafasi safari hii, kikao kijacho tutakuta vumbi.

Kwenye orodha yetu iliandikwa kwamba ni filamu isiyo na sauti. Tukaitazama hivyo hivyo. Mwanamke fundi cherehani, mume anayemwacha na kuondoka na sanduku, babu mmoja anayekuja kupimwa koti, polisi, mbwa. Watu wanafungua midomo dakika themanini na mbili, na husikii kitu isipokuwa projekta yangu. Mjumbe wetu msomi, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alivutiwa kupita kiasi. Baada ya kuitazama mara ya kwanza alituletea kurasa tisa kuhusu "ukimya wa makusudi kama kilio cha mwanamke aliyeachwa". Kurasa tisa, Mheshimiwa Waziri, zimepigwa chapa vizuri na kuchomwa pini.

Hapa sina budi kuungama. Filamu ile haikuwa na ukimya wowote wa makusudi. Ukimya ule ni wangu mimi. Miaka kumi na tisa iliyopita makopo yale yalipofika, sauti ilikuwa imerekodiwa kwenye mkanda wa peke yake, na mkanda huo haukuja. Kwenye fomu yetu kuna kisanduku cha sauti. Nikakiacha wazi, nikisema nitakijaza mkanda ukifika. Haukufika, nami nikasahau kuuliza. Na ofisini kwetu, kama wenzangu wanavyojua, kisanduku kilichoachwa wazi huhesabiwa kuwa hakuna. Kurasa tisa za Mwalimu zimetoka kwenye uzembe wangu, na nimeshamwomba radhi, ingawa yeye anasema bado anazisimamia.

Nilijuaje? Kikao cha pili, tukiitazama tena kabla ya kura, tukafika pale mume anapobeba sanduku lake na kutoka. Yule mwanamke anashika mlango kana kwamba anataka kuufunga, halafu anauachia, midomo inacheza. Na mimi huko nyuma nikasikia kichwani sauti ya wifi yangu: "Nenda tu. Mlango nimeuacha wazi kwa ajili ya upepo, usidhani ni kwa ajili yako."

Ndugu zangu, maneno hayo nimeyasikia nyumbani kwetu tangu nilipoolewa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, huyasema kila mgeni anapoaga. Sote tulidhani ni ukali wa ulimi wake tu. Mama yangu mzazi aliambiwa hivyo siku ya kwanza alipokuja kututembelea, na hakukanyaga tena kwa mwaka mzima.

Nikasimama. Nikasema, "Huyu anaongea maneno ya wifi yangu."

Jaji akasema, "Fundi, kaa chini."

"Mheshimiwa, nitakaa, lakini huyu mama anasema maneno ya wifi yangu."

"Wifi yako ni mwigizaji?"

"Hapana. Alikuwa anakata tiketi."

Naomba niwaeleze, maana hapa ndipo penyewe. Wifi yangu alikata tiketi miaka kumi na moja kwenye jumba moja la sinema. Dirisha lake lilikuwa mlangoni, na ukuta wa nyuma yake ndio ulioegemea spika kubwa ya ukumbini. "Koti la Jumatatu" ilionyeshwa pale miezi kumi na sita mfululizo, mara mbili kwa siku, kwa sababu watu hawakutaka itolewe. Na mwenye jumba alikuwa na sheria yake: mkata tiketi haondoki dirishani mpaka onyesho la mwisho liishe, maana mchelewaji naye ni mteja. Onyesho likiisha, wifi anakimbilia nyumbani kwa watoto. Kwa hiyo aliisikia filamu ile zaidi ya mara mia nane, kila neno, kila kikohozi, na hakuwahi kuiona hata mara moja. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu jumba lilikuwa linafungwa.

Sisi tulikuwa na picha bila sauti. Yeye alikuwa na sauti bila picha. Na tulikuwa tunakula meza moja kila Jumapili.

Basi akaja chumba changu cha kazi, amebeba mto wake wa kukalia kwa sababu viti vya serikali hana imani navyo. Nikamwekea kinasa sauti, nikamwashia skrini. Akakigeuza kiti, akatazama ukuta.

"Wifi, picha iko huku."

"Najua iliko. Sijaja kuona, nimekuja kusema. Mimi hii kitu nimeipokea kupitia ukutani, nipe ukuta."

Nikamwambia "sasa" mara moja tu, picha ya kwanza ilipotokea. Kuanzia hapo sikumsaidia. Alisema maneno ya fundi, ya mume, ya babu, ya polisi. Mbwa alimtoa vizuri kuliko polisi. Dakika ya ishirini akanyamaza kidogo, akasema, "Hapa wanabadilisha mkanda, watu wanapiga miluzi," na mimi macho yangu yako kwenye kopo la kwanza, naliona linaishia. Mahali pengine akakohoa. Nikageuka kumpa maji, na kwenye skrini babu amejiziba mdomo kwa kiganja.

Tulipopumzika kunywa chai akaniuliza polepole, "Yule mume, wifi, ni mrefu, ee? Sauti yake ni ya mtu mrefu."

Nikaitazama skrini. Mume wa watu ni mfupi, ana kitambi, na masikio yamemsimama. Nikasema, "Ana mwili."

Nikamwambia ageuke aone mwenyewe. Akakataa. Akasema ataiona siku itakapoonyeshwa ukumbini, na watu, na sauti yake, au hataiona kabisa. Nikaelewa kwamba sasa si Kamati peke yake inayoisubiri kura ile.

Lakini Jaji ni Jaji. Kanuni ya saba inasema filamu isiyokamilika haiteuliwi, na akauliza swali la haki: kumbukumbu ya mtu mmoja inaweza kuitwa sauti ya filamu? Nani ajuaye kama hajaongeza chumvi? Ndipo binti wa marehemu, aliyeketi pale mbele, akatuletea kurasa kumi na moja za maandishi ya baba yake, zilizokuwa chini ya sanduku la nguo. Binti, tunakushukuru sana. Wifi akaitwa mbele ya Kamati, akasema, na Jaji akafuatisha kwa kalamu nyekundu. Neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa. Mpaka tukafika ukurasa wa tisa, mume amerudi baada ya miaka mitatu. Karatasi inasema mke anamwambia, "Koti lako liko tayari, livae." Wifi akasema, "Koti nimempa aliyebaki."

Jaji akaweka kalamu chini. "Hapa mama amekosea."

"Sijakosea, Mheshimiwa. Wewe umesoma mara moja. Mimi nimesikia mara mia nane."

Ingetosha kosa moja kuiangusha filamu nzima, na wifi yangu pamoja nayo.

Nikaomba siku mbili. Nikamfuata mwalimu mwingine, anayefundisha watoto wasiosikia, ambaye yeye mwenyewe hasikii tangu utotoni na husoma midomo kama sisi tunavyosoma gazeti. Hatukumwambia lolote. Tukamwonyesha kipande kile, akaomba arudishiwe mara nne. Kisha akachukua karatasi, akaandika: "Koti nimempa aliyebaki." Yule mwigizaji alikuwa ameyabadilisha maneno siku ile ile ya kupiga picha, na hakuna aliyerudi kuyasahihisha kwenye karatasi. Maneno yale mazuri kuliko yote kwenye filamu ile yalikuwa yamehifadhiwa mahali pamoja tu.

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema, "Shahidi ameaminika."

Kura zilikuwa sita kwa moja. Huyo mmoja ni Mwalimu, anayeamini mpaka leo kwamba ilikuwa bora ikiwa kimya, na nampenda hivyo hivyo.

Kwa hiyo, kwa idhini yako Mheshimiwa Waziri, na kwa heshima niliyopewa na Mwenyekiti, natangaza kwamba "Koti la Jumatatu" imeteuliwa kuhifadhiwa na taifa, imeshanakiliwa, na tangu juzi iko chumba baridi. Mtaitazama muda si mrefu. Sauti zote mtakazosikia, za wanaume, za wanawake na ya mbwa, ni za mtu mmoja, na hatukutaka kuzikabidhi kwa waigizaji wapya. Watu hutuuliza mara kwa mara tunapimaje maana ya filamu kwa nchi. Wanataja tuzo, wanataja magazeti. Mimi siku hizi nauliza tu: nani bado anayasema maneno yake wakati anaaga wageni?

Namshukuru Waziri, Kamati, Mkurugenzi, binti wa marehemu, na mwalimu wetu wa midomo. Limebaki moja.

Wifi yangu yuko mstari wa tatu, kavaa vizuri, na tangu amefika hajasema neno, jambo ambalo nyumbani lingetufanya tuite daktari. Asubuhi nilimweleza ukweli. Nilimwambia yule mume si mrefu, nyumba ya fundi ni ndogo kuliko anavyodhani, na mtu akishaiona picha hawezi tena kuirudia ile aliyojitengenezea mwenyewe. Filamu aliyokaa nayo kichwani miaka yote hii itaondoka leo, na hiyo hatuna kopo la kuiweka. Naogopa kwa ajili yake, na sioni haya kulisema mbele yenu. Nikamwambia, wifi, bado unaweza kubaki nje.

Akanijibu, "Nimekuwa nayo peke yangu muda mrefu mno. Nimechoka kuwa nayo peke yangu."

Ndugu zangu, mmenivumilia kuliko dakika mlizoahidiwa, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote. Wifi, sogea kidogo, nashuka kuja kukaa nawe. Wenzangu, zimeni taa.