Laini ya Mama Zita huko Ujerumani

Benchi la Majengo limeegemea ukuta wa duka la Krunal la vifaa vya ujenzi. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na kila anayekaa pale ana nafasi yake na jina lake la kijiweni. Mwisho kabisa hukaa Fabian, fundi redio na simu, anayeitwa Waya; hukaa pale ili awaone wateja wanaomtafuta, kisha asiwaite. Katikati ni Balwant, mzee aliyewahi kuuza spea za magari, ambaye amekwenda Uingereza kwa dada yake mara mbili. Wamemwita Terminali, kwa sababu hadithi zake zote za Uingereza huishia uwanja wa ndege. Pembeni yake ni Godlove, mpagazi wa mlimani, kijana kuliko wote, jina lake Kibo. Asubuhi hiyo walikuwa wamejibana kumpisha Mzee Thadeus, aliyeshuka kutoka Kirua Vunjo bila hata kupitia sokoni. Mkewe alikuwa ameshuka naye hadi mjini, kisha akageukia kwa fundi cherehani. Shamir muuza kahawa akammiminia kikombe, naye Thadeus, ambaye analima kahawa tangu ujana wake, akainunua kama mtu yeyote.

Shida yake haikuwa ndefu kuieleza. Binti yake Zita, muuguzi huko Bremen, Ujerumani, alikuwa amejifungua, na kwa Wachagga jambo hilo halijadiliwi: binti akizaa, mama yake huenda kumhudumia. Atampikia mtori wa ndizi na nyama, atamkanda, atamwogesha mtoto, mpaka mzazi apate nguvu. Kama binti amezalia Bremen, basi mtori utapikwa Bremen. Mkewe Theodora alikuwa anaondoka Jumamosi, na hao wawili tangu waoane hawajawahi kutengana zaidi ya siku za msiba. Hilo la mwisho Thadeus hakulisema. Alichosema ni kwamba anatafuta laini.

– Laini ya kulipia kabla, alisema. Aweke salio, aongee, liishe, aweke tena. Tuwe tunasikiana. Sasa ninyi wa mjini niambieni, inunuliwe ipi na inunuliwe wapi?

Hakuna swali linalopendwa benchini kama lile ambalo kila mtu ana nusu ya jibu lake. Terminali alisogeza kikombe pembeni, akasema laini hununuliwa uwanja wa ndege, hapo hapo unaposhuka. Kuna kibanda, kuna binti, unampa pasipoti, anakutolea chipu. Yeye alifanya hivyo mara zote mbili. Waya akamuuliza salio lilidumu muda gani. Terminali akakiri kwamba mara ya kwanza liliisha kabla begi lake halijatokea, kwa kuwa alimpigia mkewe kumwambia kwamba amefika ila begi bado, wakabaki hewani wanalingoja wote wawili.

– Hayo ndiyo mambo ya kununua kitu kwa haraka, alisema Waya. Mama Zita aende na laini yake hii hii ya hapa. Anafunguliwa huduma ya kutumia nje, basi. Namba yake ni ile ile, nawe unampigia kama yuko bustanini.

– Na gharama? aliuliza Thadeus.

Hapo Waya akainua kidole, maana alikuwa na elimu ya kutoa. Alieleza kwamba ukimpigia mtu mwenye laini ya hapa akiwa Bremen, sauti inatoka Kirua, inafika Bremen, inagundua kwamba laini ni ya Tanzania, inarudi kuuliza ruhusa, ndipo inakwenda tena. Kwa hiyo unalipa wewe na analipa yeye. Pia sauti yenyewe inafika imechoka. Dawa yake, kwa maoni ya Waya, ni kupiga alfajiri njia ikiwa nyeupe.

Kibo alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo. Aliwaambia wazee kwamba wamepitwa. Wazungu anaowabebea mizigo siku hizi hawaji na chipu kabisa. Laini imo ndani ya simu. Unanunua mtandaoni ukiwa kwenu, unapiga picha kimchoro fulani cha miraba, ukitua unaongea. Alimwona mama mmoja akifanya hivyo kambini Horombo, amekaa juu ya jiwe. Waya alichukia waziwazi. Laini isiyoshikika, alisema, ikiharibika fundi atafungua wapi?

– Tena msichokijua ninyi, aliendelea Kibo, mtandao ni mwinuko. Mimi nikiwa juu kambi ya Barafu naongea na mke wangu safi kabisa, nikishuka bondeni unakata. Sasa huko Bremen nimesikia ni tambarare kama Kahe. Mzee, Zita anakaa ghorofa ya ngapi?

– Ya nne.

– Aisee, basi mama atashika mtandao vizuri. Ila asishuke shuke ovyo.

Thadeus alicheka pamoja nao, lakini kicheko hakikufika mbali. Mwishowe akatoa kilichokuwa kinamkera. Vidole vya Theodora havisomeki. Siku ya kusajili laini yake hapa mjini mashine ilimkataa kidole baada ya kidole, wakala akamwambia akapake mafuta arudi. Thadeus alikasirika siku ile kuliko alivyopaswa. Vidole vile vimepalilia kahawa na kukata majani ya ng'ombe mpaka Zita akasoma akawa muuguzi, halafu kimashine kiseme havipo. Sasa kama Majengo wanakotufahamu walimkataa, alisema, Wajerumani watamwelewa?

Terminali alimtuliza kwamba kule hawataki vidole, wanatazama pasipoti. Waya akasema amesikia wanatazama uso pia, kwa kamera, na unaambiwa ugeuze shingo kulia na kushoto, kwa hiyo mama aanze mazoezi. Kibo akaja na lake: mistari ya vidole huota upya ikipumzishwa. Mama asishike jembe mpaka Jumamosi. Thadeus, ambaye siku nyingine angemwambia kijana aache mzaha, alijikuta anapanga kimoyomoyo nani atakata majani ya ng'ombe kesho. Akaona ni yeye.

Wakiwa bado kwenye vidole, Theodora mwenyewe akatokea, kikapu mkononi na gauni jipya limekunjwa juu yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile, ingawa hakuna aliyekatazwa. Kibo akaruka kumpisha.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu. Naona mnanisafirisha.

Alikaa. Terminali, akiwa ndiye aliyewahi kwenda, akamweleza yote kwa utaratibu: kibanda cha uwanja wa ndege, laini ya hapa na uchovu wake, laini isiyo na chipu, ghorofa ya nne, shingo na vidole. Theodora alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kama anavyosikiliza mahubiri marefu.

– Laini ninayo, alisema. Zita ameshanunua ya huko, ya kulipia kabla, ameisajili yeye. Nikifika naiweka tundu la pili. Hii ya hapa inabaki humo humo, ila nisiifungulie intaneti. Kwenye WhatsApp mtanipata kwa namba yangu ya siku zote.

Waya akauliza kwa sauti ndogo hayo aliyajua lini.

– Tangu wiki iliyopita. Baba Zita hakuniuliza.

Thadeus akatazama viatu vyake. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameshuka mlima kutafutia mkewe laini, na mkewe akiwa pembeni yake njia nzima.

– Sasa na mimi niulize, alisema Theodora. Ukinipigia, Baba Zita, utaniambia nini?

Thadeus akawatazama wenzake. Terminali alijua kumwambia mkewe kwamba amefika, basi. Waya humwambia wake kwamba yuko njiani. Kibo, wa Barafu na mtandao safi, alikiri kwamba husema nimepanda au nimeshuka. Shamir aliinamisha birika juu ya kikombe cha Terminali, likatoa matone kisha likaisha.

Nyumbani wanaongea kutwa nzima bila kupanga, yeye zizini, mkewe jikoni, maneno yanapita mlangoni. Thadeus alielewa sasa kwamba hakuwa amefuata laini. Aliogopa ule mlango ukiwa kimya, na aliogopa sana, mzee mzima.

– Nitakuambia ng'ombe amekula, alisema.

– Kila siku?

– Ng'ombe anakula kila siku.

Theodora akasimama, akamkabidhi kikapu.

– Basi utanipigia kila siku.