Menyu ya Kidawida

Treni ilipotoka Miasenyi, Nasambu alikuwa ameshaacha kujifanya anasoma gazeti. Mbele yake Okoth, fundi wa reli, alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye jinsi alivyochagua programu ya kupanga filamu na video kwenye TV ya sebuleni.

"Nimejaribu nne, zote za bure. Hii ni kiboko yao! Kila filamu inatokea na picha yake." Nasambu alikuwa ameisikia kiboko hiyo mara tano tangu Mariakani.

"Yangu haina mapambo," akasema yule mama, Wakio wa Rukanga. "Niliichagua kwa sababu yeyote anaruhusiwa kuitafsiri. Menyu yote nimeiandika kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, mimi mwenyewe. Sasa mamangu anashika rimoti, anajitafutia video ya harusi yangu."

"Kwani Kiswahili hakitoshi?"

"Kinatutosha mimi na wewe. Mamangu huota kwa Kidawida. Wako je, anajiwashia?"

Okoth akakohoa. "Mama huningoja nitoke kazini."

Treni ikasimama Voi. Okoth akachukua begi lake, akasisitiza tena kwamba yake ndiyo kiboko, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na Kijaluo kimeshaandikwa?"

"Bado. Kinangoja mwenyewe," Wakio akajibu, akashuka kichwa juu.

Nasambu, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, alishuka nyuma yao akitafuta kichwani neno la Kibukusu, lugha ya kwao, la kitufe cha "cheza tena".